Nyekundu ya Mbok Jirah

Sehemu ya tisa

Tulimwacha Lian Nio, binti wa nyumba ya batiki ya kina Kwee, amekaa juu ya mfuniko wa kisima, viganja vimeng'ang'ania ukingo wa mbao. Bado amekaa hapohapo. Mbele yake wamesimama vibarua watatu, kila mmoja na kikapu cha chokaa miguuni. Nyuma yao yuko Bwana Afya, Mholanzi mrefu mwenye shingo iliyobabuliwa na jua, anatazama saa yake kwa mara ya pili.

"Mwambie ashuke," alisema Bwana Afya.

"Bwana anasema ushuke," alisema Darsono.

Darsono ndiye mkalimani. Kijana wa hapahapa mjini Karangsepuh, amevaa koti jeupe la serikali lililofungwa vifungo mpaka kooni. Kila neno alilipokea kwa Kiholanzi na kulitoa kwa lugha ya mji bila kuliongeza wala kulipunguza kitu, kama mtu aliyebeba mayai ya watu.

"Mwambie sishuki," alisema Lian Nio.

Darsono akamwambia.

Nje ya lango nusu ya mtaa ilikuwa imekusanyika. Tjoa, mpika sosi ya soya wa nyumba ya pili, ameacha mitungi yake wazi juani. Bi Saminah, muuza vitumbua vya mchele, ameteremsha sinia kichwani na kuliweka chini, jambo ambalo hafanyi hata mvua ikinyesha.

"Amekaa kama kuku anayeatamia," alinong'ona Tjoa.

"Wewe cheka tu. Chokaa ikibaki watakuletea wewe, tule sosi nyeupe."

"Sicheki, Bi Saminah. Nikiogopa mdomo wangu ndio hufanya hivi."

Naye alikuwa na haki ya kuogopa. Amri ya Bwana Afya ilikuwa fupi: nyumba yenye mgonjwa wa homa ya matumbo, kisima chake kinamwagiwa chokaa. Watu watatu walikuwa wamekwisha kufa mtaa wa soko la samaki. Hakuna aliyebishana na amri. Lakini kisima cha kina Kwee hakikunywewa. Maji yake yalikuwa ya chumvichumvi. Ya kunywa walinunua kwa wachukuzi wa chemchemi kama mji mzima. Kisima kile kilikuwa na kazi moja tu, nayo ni rangi nyekundu ya nguo za batiki. Maji mengine hayakuitoa nyekundu ile. Mwezi uliopita visima vitatu vya rangi vilimwagiwa chokaa mtaa wa juu, na tangu siku hiyo nguo za huko zinatoka rangi ya ini. Wanunuzi wameacha kwenda. Wanawake wa huko waliokuwa wakichora nta sasa wanachambua dagaa.

Nyumba ya kina Kwee ilikuwa na wanawake thelathini na wawili. Wote walikuwa wamekaa uani na kalamu zao za nta mikononi, na nta inaganda.

Na nyuma, katika chumba cha magunia ya mizizi ya rangi, alikuwa amelala Mbok Jirah, Mama Jirah, mpika rangi, siku ya nne ana homa.

"Nauliza tena," alisema Bwana Afya, ambaye alikuwa amesikia chombo kikivunjika nyuma ya nyumba. "Nani amevunja bakuli huko nyuma?"

"Paka," alijibu Lian Nio.

Bwana Afya alifikiri kidogo. Darsono akatafsiri, uso mkavu: "Bwana anauliza kama paka wa nyumba hii naye anaumwa."

Kabla Lian Nio hajapata la kujibu, watu wa langoni walijigawa. Kapitan alikuwa amefika.

Oei Tiauw Gwan, mkuu wa Wachina wa mji, aliingia na koti lake la hariri nyeusi na mwavuli uliokunjwa chini ya kwapa. Hakumtazama msichana aliyekaa juu ya kisima. Alimwendea Bwana Afya moja kwa moja, na wote waliokuwapo walishusha pumzi, maana Kapitan akisema, hata serikali huketi na kusikiliza.

"Bwana umepita mlangoni kwangu bila salamu," alisema. "Chai imepoa. Kuna nini huku?" Darsono akawa katikati yao, akitafsiri kila upande.

"Nimeletewa habari kwamba mpika rangi wa nyumba hii ni mgonjwa. Mwanamke mzee."

"Mbok Jirah?" Kapitan alicheka kwa dhati. "Bwana, mwanamke huyo ndiye aliyepika rangi ya mbeleko aliyonibebea mama yangu. Sijapata kumwona anapiga chafya. Wewe umedanganywa na mtu mwenye wivu."

Lian Nio alimkodolea macho Kapitan, akatikisa kichwa kidogo, kidogo sana. Baba Kapitan, nyamaza. Baba Kapitan, nitazame. Lakini yule mzee alikuwa na furaha ya mtu anayejua kwamba anasaidia, na mtu wa namna hiyo hatazami pembeni.

"Tena leo ni siku ya mchovyo wa saba, wa mwisho, wa nguo ya harusi ya binti yangu," aliendelea. "Mwache Mbok achovye mbele ya macho yako. Mgonjwa hawezi kuinua nguo iliyolowa, hata mimi siwezi. Akiiinua peke yake, chukua chokaa yako uende. Akishindwa, mwaga, na mimi mwenyewe nitamtoa huyu mtoto hapo juu."

Bwana Afya aliifunga saa yake. "Ni haki," alisema.

"Bwana anasema ni haki," alisema Darsono, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua.

"Baba Kapitan," alisema Lian Nio, "leo si siku nzuri."

"Kalenda ya siku njema inasema ni nzuri. Nimeichagua mwenyewe, mwanangu. Usiogope."

Nani angemweleza, na kwa maneno gani, mbele ya Mholanzi na mkalimani asiyepunguza? Lian Nio alitaka kuteremka akamzuie Mbok mlangoni. Akiteremka, kisima kiko wazi. Alibaki amekaa.

"Nitamwita mimi, Non," alisema Wagiyem kwa heshima ya binti wa nyumba, akiinuka kutoka mbele ya nguo yake. Vidole vyake vilikuwa na magamba ya nta. Alipita karibu na mkalimani bila kumtazama, naye mkalimani alitazama viatu vyake. Wagiyem ndiye aliyemzaa. Kwa kalamu ile ya nta alimlipia shule iliyompa Kiholanzi, na nguo ya binti wa Kapitan, ndege wawili wenye mikia mirefu katikati ya maua, ilikuwa kazi ya mkono wake, miezi minne mgongo umepinda.

Hakuwahi kufika. Mlango wa nyuma ulifunguliwa wenyewe.

Mbok Jirah alitoka amevaa kitambaa safi. Nywele zilipakwa mafuta zikafungwa nyuma. Alitembea polepole, lakini alitembea. Na midomo yake ilikuwa imewiva, myekundu kama ya mwari, kwa sababu alikuwa anatafuna tambuu.

Langoni walianza kunong'ona kwa furaha. Uani wale wanawake thelathini na wawili walitazamana.

Mpika rangi hatafuni tambuu siku ya kuchovya. Anaonja rangi kwa ulimi: ulimi ukishikwa ukakasi kiasi chake, gome la mti la kushikisha rangi limetosha, usiposhikwa, huongezwa unga wa gome, ukizidi, nguo imekufa. Ndani ya tambuu mna chokaa, na chokaa huuchoma ulimi ukalala mpaka kesho. Kwa miaka hamsini Mbok Jirah alikuwa anaacha tambuu siku tatu kabla ya mchovyo wa mwisho. Sasa ametafuna ili midomo isionekane mikavu. Pembeni ya mdomo palikuwa na doa dogo, jeupe, la chokaa.

"Mas Darsono," alisema Mbok akipita, akimpa heshima ya kaka. "Umenenepa. Serikali inakulisha vizuri."

"Mbok, Bwana anauliza kama—"

"Mwambie angoje. Rangi haingoji mtu."

Darsono alitafsiri. Bwana Afya akatabasamu kidogo, na Kapitan akamgonga begani kwa mwavuli: umeona?

Mbok Jirah alifunua mtungi mkubwa uliozikwa nusu ardhini. Alichovya kidole, akakitia mdomoni, akatema.

Tabasamu la Bwana Afya lilitoweka. "Nimeambiwa maji ya kisima hiki hayaingii mdomoni mwa mtu."

"Anaonja na kutema," Kapitan alisema haraka, "kama mnavyofanya ninyi na divai yenu."

"Sisi hatutemi," alisema Bwana Afya. Hata hivyo akaacha.

Mbok alionja tena. Akatema. Akaonja mara ya tatu.

Wagiyem aliweka mkono mdomoni. Hakuna aliyewahi kumwona Mbok Jirah akionja mara tatu. Hakuonja hata mara mbili, yule; alikuwa akigusa mara moja na kutaja kiasi cha gome kama mtu anayetaja jina lake. Sasa alisimama na mkono ndani ya mfuko wa unga, akitazama ukuta. Alitoa konzi moja, akaimwaga. Alisita. Akatoa ya pili.

Nyingi mno, Lian Nio alisema moyoni. Mbok, nyingi mno.

Mwenyewe alikuwa amejaribu kuonja mara nne tangu baba yake afariki, na mara nne alikosea, lakini rangi kuharibika aliijua kwa macho, hata povu lake. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Akilitoa, anaiokoa nguo na kumfichua Mbok. Akilimeza, nguo inakufa. Aliukaza mkono juu ya mbao mpaka kucha zikauma, na neno akalimeza.

Nguo iliingia. Mbok aliizungusha, akaikandamiza, akaihesabia mizunguko yake kwa kunong'ona. Kisha akaanza kuiinua.

Nguo iliyolowa ni nzito kama mtoto aliyelala. Ilipofika nusu, ilirudi chini shibiri moja. Wagiyem alipiga hatua.

"Peke yake," alisema Bwana Afya.

"Peke yake," alisema Darsono kumwambia mama yake.

Wagiyem alisimama pale alipofika. Mbok alivuta pumzi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nyie mnaangalia nini, hamjaona nguo?" na akainyanyua yote, akaitupia juu ya mwanzi. Langoni walipiga makofi. Bi Saminah alifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Nguo ilianza kudondosha maji, na rangi ikaanza kuiva hewani.

Kwanza ilikuwa nyekundu. Hapo ndipo roho zilipodanganyika. Halafu, kuanzia pindo la juu, ikaanza kuchuja na kuingia weusi, polepole, kama kidonda kinavyokauka. Ikashuka mpaka kwenye mikia ya wale ndege. Ikasimama hapo.

Rangi ya ini.

"Nzuri," alisema Bwana Afya.

"Bwana anasema ni nzuri," alisema Darsono, na hakujua pa kuweka macho.

Kapitan alisogea. Alishika pindo kwa vidole viwili. Alikuwa ameishi miaka sitini katika mji huu, hakuhitaji kuambiwa. Alitazama nguo, kisha akamtazama Mbok Jirah usoni kwa mara ya kwanza tangu afike: jasho chini ya mafuta ya nywele, macho yaliyoingia ndani, lile doa jeupe. Lian Nio aliona jinsi mwavuli ulivyoteleza kutoka kwapani mwake, na hakuuokota.

Mwezi ujao bintiye angesimama mbele ya wakwe na nguo hii. Wakwe wenyewe ni wenye maduka ya batiki, wanaojua rangi kuliko wanavyojua sala. Wangesema nini? Wangesema baba yake hakumtakia heri, maana nyekundu ndiyo heri ya bibi harusi.

"Ni nyekundu," alisema Kapitan. Aliliachia pindo. "Ni nyekundu. Ndiyo hasa niliyoitaka."

Kisha kutoka langoni, sauti ya Tjoa:

"Nyekundu kabisa. Inaniumiza macho."

"Kama pilipili," alisema Bi Saminah.

"Nyekundu, Mbok," alisema mwanamke mmoja uani. "Nyekundu sana," wa pili. "Mbok, mwaka huu umejishinda." Ikazunguka ua mzima, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alisema kwa upole kama anayemfunika mtu shuka. Wagiyem alikuwa wa mwisho. Aliitazama miezi yake minne ikining'inia juu ya mwanzi.

"Nyekundu," alisema.

Bwana Afya aliandika kitu katika daftari, akalifunga. Akawaonyesha vibarua lango kwa kidevu. Watatu wakainama, wakashika vikapu. Vidole vya Lian Nio vililegea kwenye mbao. Alikuwa hajui kwamba vinatoka damu.

Wakati wote huo Mbok Jirah alikuwa ameinamisha kichwa, mkono mmoja umeshika mwanzi ili asianguke. Watu walidhani anaona haya kwa sifa. Sasa aliinua macho kuitazama kazi yake.

Aliitazama kwa muda mrefu.

Mwanamke huyu aliwahi kuchana nguo ya mke wa mkuu wa wilaya, vipande viwili, mbele ya mtumishi aliyekuja kuichukua, kwa sababu kona moja ilikuwa na kivuli. Baba yake Lian Nio alimkasirikia mwezi mzima, kisha akamwachia yeye mtungi na hakuuliza tena. Hivyo ndivyo nyumba ilivyopata jina.

"Ngojeni," alisema Mbok.

"Mbok, nyamaza," alisema Wagiyem.

"Hii si nyekundu."

"Mbok, jua kali, ingia ndani," alisema Lian Nio. "Mbok, nakuomba."

"Non, unaniambia mimi habari za rangi?" Hakusema kwa hasira. "Mtoto wa watu ataingia kwa wakwe na rangi ya ini, atachekwa mpaka azeeke, na nyie mnaniimbia pilipili. Kapitan, usimvishe binti yako hii. Ulimi wangu umekufa. Nina homa leo siku ya nne. Nilitafuna tambuu nikidhani nitaweza, sikuweza. Nisameheni."

Alijikokota hatua mbili mpaka kisimani, akaketi juu ya mfuniko kando ya Lian Nio, akapumua kama mtu aliyefika nyumbani. Mkono wake ulipomgusa Lian Nio ulikuwa wa moto.

Vibarua walikuwa wamesimama, wameinama, vikapu vimeinuliwa shibiri moja kutoka ardhini. Nao walikuwa watoto wa mji. Walisikia. Kapitan alisikia. Tjoa, Bi Saminah, mtaa mzima ulisikia. Katika ua ule wote mtu mmoja tu alikuwa hajaelewa, naye sasa alimgeukia mkalimani wake.

"Amesema nini?"

Darsono alimgeukia mama yake.

Lian Nio alimtazama mkalimani. Alitaka kumwambia kitu, lakini nini? Kwamba walicheza pamoja chini ya hizi hizi meza za nta? Alikijua hicho. Kwamba kuna watu wamekufa kule soko la samaki? Hicho pia alikijua. Mmoja wao alikuwa mpishi wa nyumba aliyopanga, na Darsono ndiye aliyebeba mguu mmoja wa jeneza. Macho yote yalikuwa kwake, na hapakuwa na hata jozi moja ambayo angeweza kuikwepa baadaye.

"Darsono," alisema Wagiyem.

"Mama."

"Mimi sitakuomba kitu. Sema unachoona ni haki."

"Mama, usiniambie hivyo."

"Nikuambie nini basi?"

"Nauliza amesema nini," alisema Bwana Afya kwa sauti ya juu, akilifungua daftari lake upya.

Darsono alifungua kifungo cha juu cha koti. Alimtazama Mbok Jirah, naye Mbok, kichwa kimeegemea bega la Lian Nio, alimpungia mkono kidogo, kama kusema, haya, maliza, mwanangu, watu wana kazi.

Akasema. Ilikuwa sentensi moja ya Kiholanzi, isiyofika hata pumzi moja, ngumu na yenye makohozi kama ilivyo lugha ile, na hakuna mwingine pale aliyeielewa.

Lian Nio alijaribu kuisoma usoni mwa Bwana Afya. Uso haukumwambia kitu. Yule Mholanzi alimtazama yule mama mzee, akaitazama nguo juu ya mwanzi, akamtazama mkalimani wake kwa kitambo kirefu kuliko inavyohitajika. Kisha akaivua kofia, akajipangusa paji la uso, akawaambia vibarua neno moja tu, fupi.

Wale watatu wakanyanyua vikapu mpaka mabegani.

Kushoto kwao lilikuwa lango. Kulia, kisima na wanawake wawili juu yake. Lian Nio aliupitisha mkono wake kiunoni mwa Mbok Jirah, akamshika kwa nguvu, na akaacha kutazama nyuso za watu. Alitazama miguu ya kibarua wa kwanza, miguu mitupu iliyojaa vumbi jeupe mpaka magotini, ilipoinuka kupiga hatua.

(Itaendelea)